Pampu ya maji ya wipa imekufa: uifufue, utafute ya eksi-Japani, au ununue mpya?

Vidudu vya ziwani vinapoinuka jioni upande wa Dunga, ufukweni Kisumu, kwa mbali utadhani ni moshi wa nyumba inayoungua. Dakika mbili baadaye vimejaa kwenye kioo chako cha mbele, na wipa kavu ikipita juu yake inapaka uji wa kijivu kutoka pembe hadi pembe. Hapo ndipo wenye magari ya zamani hukumbuka kwamba maji ya wipa yalikoma kutoka tangu Desemba. Unavuta kijiti pembeni ya usukani, kimya. Unavuta tena kwa hasira, kana kwamba hasira ni umeme.

Kesho yake unapita kwa fundi, naye hata boneti hajafungua anakuambia, "Hiyo ni pampu, mzee. Leta pampu nikuwekee." Sawa, lakini pampu ipi? Jirani anasema ya zamani inafufuka. Muuza spea wa kwanza anakuonyesha ya eksi-Japani, yaani iliyotumika Japani, iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa, na wa pili ana mpya kwenye pakiti ya nailoni isiyo na jina. Nimezipita njia zote tatu kwa gari moja, Corolla 110 ya mwaka 1999, inayokula barabara ya Kisumu hadi Kakamega siku za kazi na ya Nakuru kila mwisho wa mwezi. Hakuna niliyoijutia kabisa, na hakuna ninayoweza kukuapia.

Nitapima kwa nini

Kwanza ni gharama yote, maana bei ya pampu ni sehemu tu. Kuna kazi ya fundi, kuna raba, kuna waya, na kama mtungi umejificha nyuma ya bampa, kuna saa nzima ya kuvua plastiki. Pili ni jinsi inavyokaa mahali pake: tundu la mtungi, plagi ya umeme, unene wa paipu, na idadi ya midomo ya kutolea maji. Tatu ni kudumu. Nne ni kupatikana, kwa sababu aliye Kisumu mjini na aliye Bumala hawana duka moja. Mwisho nitasema kila njia inamfaa nani.

Kabla ya yote: mgonjwa ni pampu kweli?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea. Pampu yangu ya kwanza ilibadilishwa na maji bado hayakutoka. Kumbe paipu ilikuwa imebanwa na bawaba ya boneti, imekunjika kama mkono wa mtoto aliyelalia bega. Pampu nzima ilibaki kwenye sanduku la fundi, nami nikalipia nyingine.

Pampu yenyewe ni kitu kidogo: mota ya volti 12 yenye kigurudumu chenye mapezi chini yake, imechomekwa kwenye raba chini ya mtungi wa maji. Mdomoni pa kuingizia maji mara nyingi kuna kichujio. Ukivuta kijiti, mota inazunguka, mapezi yanasukuma maji kwenye paipu hadi nozeli za kwenye boneti au chini ya wipa.

Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, fungua boneti, mtu avute kijiti huku wewe umeinamisha sikio. Ukisikia *vuuu* na maji hayatoki, mota iko hai na shida iko kwenye njia ya maji. Usiposikia kitu, tafuta umeme kwanza.

Tuanze na ile inayonguruma. Hakikisha mtungi una maji, usicheke, wengi tumeshanaswa. Kisha chomoa paipu pale pampuni, weka kikombe, vuta kijiti. Maji yakiruka kwa nguvu, pampu ni nzima na kizuizi kiko mbele: nozeli zimezibwa na nta ya kung'arishia gari au vumbi, kiungo cha njia tatu kimetoka, paipu imepasuka au kubanwa, au ile vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi imeganda. Nozeli hufunguliwa kwa pini nyembamba, taratibu, usije ukaupanua mdomo ukaanza kuwaogesha wapita njia. Maji yasipotoka hata pale pampuni wakati inanguruma, basi kichujio kimeziba kwa utelezi wa kijani, au mapezi yamevunjika na mota inazungusha hewa.

Sasa ile iliyo kimya. Angalia fyuzi, na ramani yake mara nyingi iko nyuma ya kifuniko cha kisanduku. Kwenye baadhi ya magari wipa na maji hushiriki fyuzi moja, kwa hiyo ikiwa wipa nazo zimegoma, umeshapata fununu. Fyuzi ukiiweka mpya ikaungua papo hapo, kuna waya unaogusa bodi au mota imejikaza. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili "ivumilie", maana kitakachoungua baada ya hapo ni waya.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa plagi ya pampu na utazame ndani. Ukiona unga wa kijani, hiyo ni shaba iliyooza kwa maji, na huenda umeshampata mwizi wako. Pima kwa mita kati ya pini mbili za plagi huku mtu anavuta kijiti. Usipime pini moja dhidi ya bodi, kwa kuwa kwenye baadhi ya magari swichi hukata upande wa hasi, nawe utasoma volti 12 hata kijiti kikiwa kimelala. Ukipata karibu volti 12 kati ya pini hizo na pampu ukiirudishia plagi iko kimya, mshuku pampu. Ukipata sifuri, pampu haina kosa: tafuta swichi, waya au ardhi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi.

Kuna mtego mmoja ambamo mita hunaswa. Waya uliooza ukabakiza nyuzi mbili tatu bado utaonyesha volti 12 pasipo mzigo, lakini pampu ikidai umeme wake, volti zinaporomoka. Ndiyo maana fundi wa umeme wa zamani hupima kwa taa ndogo ya balbu, si kwa mita peke yake. Balbu hula umeme. Ikiwaka hafifu, waya au ardhi ndiyo mbovu.

Hukumu ya mwisho ni nyaya mbili kutoka kwenye betri, wa chanya ukiwa na fyuzi, zikigusa pini za pampu kwa sekunde chache, na mtungi ukiwa na maji. Ikizunguka, mwachie pampu uhai wake. Ikikaa kimya, sasa ndiyo una haki ya kwenda dukani. Angalia chanya na hasi, maana nyaya zikibadilishana pande, pampu ya mdomo mmoja inazunguka kinyume na kusukuma maji kwa unyonge, na ile ya midomo miwili itapeleka kwenye kioo cha nyuma maji uliyoyataka mbele.

Wenye gari lenye wipa ya nyuma, kuna njia ya mkato. Kama mtungi wako una pampu mbili na plagi zake zinafanana, badilishana plagi. Ile ya nyuma ikiitikia kijiti cha mbele, umejua umeme wa mbele ni mzima bila kugusa mita.

Njia ya kwanza: kuifufua uliyo nayo

*Gharama.* Ndogo kuliko zote kwa pesa, kubwa kwa muda. Unahitaji beseni, mswaki wa zamani, siki na subira. Chomoa pampu kwa kuivuta juu na kuizungusha kidogo, toa raba, osha kichujio, suuza mtungi hadi maji yatoke meupe. Kama kuna magamba meupe ya chumvichumvi, loweka ule upande wa maji tu kwenye siki iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu. Mota isizame. Mota iliyojikaza baada ya kukaa miezi bila kutumika mara nyingine huamka ukiigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi huku umeme unapita. Plagi yenye unga wa kijani husafishwa, au hukatwa na nyaya kulehemiwa upya, kisha tepu ya umeme juu.

*Inavyokaa.* Hapa haina mpinzani. Tundu ni lake, plagi ni yake, paipu inaijua. Adui ni raba, kwani raba ya miaka ishirini na kitu imekuwa ngumu kama kisigino, na ukishaichomoa pampu haikubali tena kuziba sawasawa. Lainisha kwa maji ya sabuni wakati wa kurudisha. Usipake oili wala grisi kwenye raba, hiyo huivimbisha baadaye. Ikivuja, tafuta raba nyingine, na usiimwagie silikoni mtungi mzima, maana siku utakapotaka kuichomoa tena utatukana.

*Kudumu.* Inategemea ilikuwa inaumwa nini. Kama ni uchafu tu, inaweza kukaa miaka. Kama maji yamepita kwenye sili ya mhimili hadi ndani ya mota, kutu imeanza, na ulichofanya ni kumpa mgonjwa chai. Kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zikiisha, imeisha: pampu nyingi hizi zimefungwa kwa kuyeyushwa plastiki, hazina skrubu, na fundi akizikata kuzifungua hazirudi kuwa kavu. Nimeona moja iliyofunguliwa na kugandishwa kwa gundi. Ilifanya kazi siku nne.

*Kupatikana.* Iko mkononi. Hata ukiwa Usenge.

*Inamfaa nani.* Mwenye pampu inayonguruma bila kutoa maji, au iliyo kimya kwa sababu ya plagi. Pia anayependa kujishughulisha Jumamosi. Haimfai anayelipa fundi kwa saa, kwa sababu saa mbili za usafi zinaweza kuipita bei ya pampu nyingine.

Njia ya pili: ya eksi-Japani

*Gharama.* Mimi nililipa shilingi 800 baada ya kuanzia 1,500, na bila kuondoka mara moja nikarudi nisingepata bei hiyo. Kazi ya kuweka ni ndogo kwa kuwa hakuna kinachokatwa. Muulize muuzaji akupe raba yake na, kama bado ipo, kipande cha waya chenye plagi ya upande wa gari. Plagi hiyo ni dhahabu kama yako imeoza, na muuzaji anayekata gari zima huwa anayo, ila huitupa asipoulizwa.

*Inavyokaa.* Karibu sawa na ya kwanza, mradi imetoka kwenye gari la aina yako, au la kampuni ile ile lenye pampu inayofanana. Nenda na yako mkononi. Usiende na maelezo, usiende na picha peke yake. Zilinganishe midomo: mmoja au miwili, unatazama upande gani, unene ni ule ule? Plagi ina pini mbili zilizolala au zilizosimama? Kina cha shingo inayoingia kwenye raba je?

*Kudumu.* Hapa wauzaji wana msemo wao, kwamba "kitu cha Japani hakifi". Hufa. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza kuingia nchini, ila spea zilizotumika haziendi na umri huo, na pampu ya Corolla 110 iliyong'olewa leo ni rika la uliyonayo. Faida yake ni kwamba ni kitu cha kiwandani, kilichotengenezwa kwa gari hilo, na huenda haikuwahi kunyweshwa maji ya mto na sabuni ya unga. Ubaya wake ni kwamba imekaa kavu kwenye rafu, pengine miaka, na sili kavu huvuja.

Kwa hiyo ijaribu palepale. Maduka haya mengi yana betri chini ya meza. Omba kikombe cha maji, izamishe mdomo, igusishwe umeme sekunde tatu. Sikiliza: mlio uwe laini na maji yaruke. Mlio wa kukwaruza ni kaboni au beringi iliyochoka. Kisha igeuze uangalie kama maji yanachuruzika upande wa pini. Muuzaji akikataa kukujaribia, una jibu lako. Baada ya hapo jua kwamba bidhaa haitarudi. Risiti nyingi zina maneno hayo kwa herufi kubwa, na zisipokuwa nayo, muuzaji anayo mdomoni.

*Kupatikana.* Kwa Toyota na Nissan za kawaida, Kisumu, Nakuru na Eldoret hutakosa. Probox, ambayo imekuwepo tangu 2002 na kwetu ni punda wa kila kazi, pampu zake zimejaa. Kwa gari la nadra itabidi upigie simu mtu wa Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wengine bado wanapaita Grogan, akutumie kwa basi la usiku. Ongeza nauli ya kifurushi kwenye hesabu, na ukumbuke kwamba aliyekutumia hakukujaribia mbele yako. Mwambie arekodi video inavyozunguka, simu wanazo.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la Kijapani lililozoeleka, ambaye pampu yake imehukumiwa kwa nyaya mbili za betri, na anaweza kufika dukani mwenyewe na sampuli.

Njia ya tatu: mpya ya dukani

*Gharama.* Bei ya kwenye pakiti huweza kuwa chini ya hata ile ya eksi-Japani, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kama plagi haifanani, fundi atakata yako na kuunganisha nyaya. Kama mdomo ni mnene kuliko paipu, utanunua paipu. Kama shingo ni nyembamba kuliko tundu, utatafuta raba nyingine. Yangu niliinunua kwa haraka kabla ya safari ya Nakuru, na kufika saa kumi jioni ilikuwa imekula pesa mara mbili ya bei yake.

*Inavyokaa.* Kuna aina mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Moja imetengenezwa kuiga ya gari lako hasa, pakiti imeandikwa namba ya spea na jina la gari. Hiyo hukaa vizuri. Nyingine ni ya "magari yote", na kitu cha magari yote huwa hakilingani na gari lolote sawasawa. Ikiwa mtungi wako ni mmoja wenye pampu ya midomo miwili, usikubali ya mdomo mmoja kwa maneno ya "utaweka tu kiungo". Utapoteza maji ya nyuma, au utayarusha yote mawili kwa pamoja kwa nguvu nusunusu.

Na volti! Wenye malori na mabasi, mengi yana mfumo wa volti 24. Pampu ya 12 ukiitia kwenye 24 itarusha maji kwa nguvu ya ajabu, utafurahi, kisha itanuka. Namba imechapwa kwenye mwili wa pampu. Isome kabla ya kulipa.

*Kudumu.* Mota ni mpya, sili ni mpya, hilo si dogo. Lakini ubora hupishana sana, na pakiti haikuambii. Nimemwona dereva wa Probox mwenye mpya ya bei nafuu mwaka wa tatu sasa, na yangu mwenyewe ilianza kulia kama mbu mwezi wa tano. Tofauti mojawapo najua: yeye hajawahi kuizungusha mtungi ukiwa mtupu. Maji ndiyo hulainisha na kupoza pampu hizi, ukivuta kijiti kwa nusu dakika bila maji unaisugua kavu.

Sehemu ya kuunganisha nyaya nayo ina umri wake. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu, chini ya bampa, penye tope la Ahero na maji ya Kakamega ya kila alasiri, hautamaliza mvua mbili. Mwombe fundi alehemu, na kiungo akiinue juu, kisilale penye matope.

*Kupatikana.* Hii ndiyo nguvu yake. Duka la spea la Luanda, Mbale au Webuye linaweza kukosa ya eksi-Japani ya gari lako, lakini ya magari yote litakuwa nayo, imening'inia karibu na wipa na taa za pembeni.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari ambalo spea zake zilizotumika zimekauka sokoni, mwenye safari kesho, na mwenye gari la biashara. Magari ya abiria na ya mizigo hukaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na siku ya ukaguzi si siku ya kumwelezea mkaguzi kwamba pampu iko njiani kwa basi.

Kuna pia mpya halisi, ile ya boksi la kampuni, unayoagiza kwa namba ya spea kwa wakala. Inakaa kama ya kuzaliwa na unapata risiti ya maana. Kwa gari la miaka 25 bei yake humfanya mtu acheke, na huenda ukasubiri. Kwa gari jipya zaidi, au lenye mtungi wa ajabu wenye vihisi na midomo ya kipekee, iulize kabla hujaidharau.

Maji unayotia yataamua zaidi ya duka

Njia yoyote utakayochagua, ukiendelea kujaza mtungi kwa ndoo iliyochotwa ziwani utarudi pale pale. Ghuba ya Winam ina mwani wa kijani unaoonekana kwa macho, na huo ndio utelezi niliouosha kwenye kichujio changu. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni mazuri na ya bure, na sehemu hizi mvua hatuna uhaba. Sabuni ya unga iache kwa nguo: inaacha masalia kwenye nozeli na povu linalozuia kuona jua likiwa usoni. Matone machache ya sabuni ya vyombo kwa mtungi mzima yanatosha kukata mafuta ya vidudu, na ile dawa ya chupa ya kuosha vioo vya gari ni bora zaidi ukiimudu.

Basi ufanye nini, kulingana na ulipo

Pampu yako inanguruma lakini kioo kikavu: usinunue kitu leo. Paipu, nozeli, kichujio, kwa mpangilio huo. Mimi ningetoa alasiri moja kabla ya kutoa shilingi moja.

Iko kimya na plagi ina unga wa kijani: safisha plagi, pima tena kwa balbu. Ikiamka, umepona. Isipoamka na nyaya za betri nazo zimeshindwa kuiamsha, una Toyota au Nissan ya kawaida na uko karibu na mji mkubwa, tembea na sampuli hadi kwa muuza eksi-Japani mwenye betri chini ya meza.

Gari lako ni Peugeot ya zamani au kitu kingine ambacho mafundi hukitazama wakikuna kichwa: mpya ya kuiga yenye namba sahihi ukiipata, ya magari yote ukiikosa, na hapo lipia kulehemu vizuri. Usihangaike na kuagiza iliyotumika usiyoiona.

Unaendesha lori au basi: soma volti, nunua mpya, uweke ya akiba kwenye kisanduku. Kupanda Mau Summit nyuma ya lori lingine mvua ikiwa imepungua, wakati matairi yake yanakurushia maji machafu lakini mvua haitoshi kuyaosha, ndipo utakapoishukuru. Hali kadhalika Muhoroni na Chemelil, matrekta ya miwa yanapodondosha udongo wa shamba lami nzima.

Una pampu mbili kwenye mtungi na ya nyuma huitumii kabisa: kama zinafanana, ihamishie mbele, ile mbovu ikae nyuma hadi utakapopata nafasi. Hiyo haikugharimu ila dakika kumi.

Na kama ni Jumapili jioni, maduka yamefungwa, na alfajiri una safari ya Nakuru: jaza chupa mbili za maji, moja toboa kifuniko matundu madogo, ziweke mlangoni upande wako pamoja na kitambaa. Safisha kioo ndani na nje usiku huu, maana mafuta ya ndani ndiyo hung'aa taa za mbele zikija. Kericho kuna utando wa ukungu asubuhi, kwa hiyo simama Kapsoit, ukiwa umeegesha nje ya barabara kabisa, ukioshe tena kabla ya kupanda.